Saratani ya utumbo mpana: homoni hufanya nini ndani ya seli, na kwa nini hazijawa tiba

Kwa muda sasa nimekuwa nikiulizwa swali moja na watu mbalimbali, barazani, harusini, na hata kwa simu: je, ni kweli kwamba saratani ya utumbo mpana huletwa na homoni zilizovurugika, na kwamba ukizisawazisha homoni hizo ugonjwa hukimbia? Wanaouliza hawatafuti elimu tu. Aghalabu kuna mgonjwa nyumbani, ama kuna mtu anayeona damu chooni na amekwisha kupewa chupa au poda ya "kusawazisha homoni". Pesa zimetoka, miezi inapita, na hospitali bado haijaendewa.

Mimi si daktari. Nimesomesha baiolojia kwa miaka mingi, na jambo ninaloweza kufanya ni kueleza kwa utaratibu yale ambayo utafiti umeyaonyesha. Jibu langu kwa ufupi ni hili: homoni zina mkono katika saratani hii, na hilo limeonekana wazi maabarani. Lakini homoni haifanyi kazi peke yake. Hutegemea kitu kinachoipokea kwenye seli, na seli ya saratani aghalabu huwa imekipoteza kitu hicho. Ukilielewa jambo hilo moja, utajua kwa nini kuongeza homoni hakujawa tiba, na kwa nini kupimwa mapema kunabaki kuwa ndiyo kinga kubwa.

Ugonjwa wenyewe

Utumbo mpana ni sehemu ya mwisho ya njia ya chakula, yenye urefu wa takriban mita moja na nusu. Kazi yake kubwa ni kunyonya maji na chumvi, na kuyatayarisha mabaki yatoke. Ukuta wake wa ndani umefunikwa na seli zisizoishi muda mrefu. Kila baada ya siku 4 au 5 hivi utando huo huwa umekwisha kubadilishwa na seli mpya. Seli hizo huzaliwa chini, ndani ya vishimo vidogo visivyoonekana kwa macho, kisha hupanda juu huku zikikomaa, zikafanya kazi yake, halafu zikafa na kudondoka. Saratani huanza pale mpangilio huu unapovurugika: seli zinakataa kukomaa, zinakataa kufa, na zinaendelea kuzaana.

Mwaka 2022 watu wapatao milioni 1.9 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya utumbo mpana pamoja na sehemu yake ya mwisho, yaani puru. Waliofariki walizidi 900,000. Kwa wingi wa wagonjwa ni saratani ya tatu duniani, na kwa vifo ni ya pili baada ya ile ya mapafu. Hapa Kenya wengi walianza kuisikia mwaka 2019, pale aliyekuwa mbunge wa Kibra, Ken Okoth, alipojitokeza hadharani kusema kwamba anaugua. Alifariki Julai mwaka huo huo akiwa na umri wa miaka 41. Wale waliodhani kuwa huu ni ugonjwa wa wazee peke yao walipata funzo.

Mara nyingi saratani hii huanza kama kijinyama kidogo kwenye ukuta wa utumbo, kisicho na maumivu wala dalili. Huchukua miaka, mara nyingi 10 au zaidi, kabla hakijageuka kuwa saratani. Katika safari hiyo jeni kadhaa huharibika moja baada ya nyingine. Ya kwanza huwa ni jeni iitwayo APC, iliyogunduliwa mwaka 1991, na ambayo huwa imeharibika katika takriban vimbe 8 kati ya kila 10. Kazi ya APC ni kuhakikisha kwamba protini moja, beta-katenini, hairundikani ndani ya seli. APC ikiharibika, beta-katenini huongezeka, huingia katika kiini cha seli na kuziamsha jeni za kuzaana, mojawapo ikiwa ni MYC. Liweke jina hili la MYC akilini, kwani tutakutana nalo tena.

Jeni ni daftari, homoni ni tarishi

Karibu kila seli ya mwili wako, iwe ya jicho, ya ini au ya utumbo, ina maagizo yale yale. Ndani yake mna jeni zipatazo 20,000 zinazoeleza jinsi ya kutengeneza protini. Basi mbona jicho haligeuki ini?

Chukua mfano wa daftari moja la mapishi, likanakiliwa na kupewa kila jiko mjini. Jiko moja limefungua ukurasa wa biriani, la pili limefungua mahamri, la tatu uji wa mgonjwa. Daftari ni moja. Majiko yametofautiana kwa ukurasa uliofunguliwa. Hivyo ndivyo zilivyo seli. Kufunguliwa kwa jeni fulani, maagizo yake yakanakiliwa na protini ikatengenezwa, ndiko ninakokuita hapa usomaji wa jeni. Jeni inaweza kusomwa sana, kidogo, au isisomwe kabisa.

Homoni ni tarishi. Hutengenezwa sehemu moja ya mwili, husafiri, aghalabu kwa njia ya damu, na hubeba ujumbe hadi kwa seli za sehemu nyingine. Lakini barua ya tarishi haina faida ikiwa hakuna karani wa kuipokea na kuisoma. Karani huyo ndiye kipokezi, protini iliyoumbwa ikalingana na homoni yake. Seli isiyo na kipokezi cha homoni fulani haiisikii homoni hiyo, hata ikiwa imejaa tele kwenye damu.

Wako matarishi wa aina mbili. Wa kwanza, kama vile estrojeni na vitamini D, hupenya hadi ndani ya seli. Humkuta karani wao ndani, wakashikana naye, na wakiwa pamoja huishika DNA yenyewe na kuamuru jeni hii isomwe na ile ifungwe. Wa pili, kama vile insulini, hawaingii. Hubisha hodi mlangoni, na kipokezi kilichoko kwenye utando wa nje hupeleka habari ndani kwa kupokezana, protini moja hadi nyingine, mpaka habari ifike kwenye kiini.

Hapa niweke wazi jambo linalochanganywa mno. Homoni inapoamuru jeni isomwe ama isisomwe, haibadilishi maandishi ya jeni hiyo. Uharibifu wa APC ni maandishi yaliyofutika; homoni haiwezi kuyaandika upya. Inachoweza ni kuathiri kurasa nyingine zilizobaki nzima. Anayekuambia kwamba poda yake "inatengeneza jeni" hajui anachokisema.

Estrojeni na makarani wake wawili

Dalili ya kwanza kwamba homoni zinahusika ilikuwa ya kawaida tu: katika nchi nyingi wanaume hupata saratani hii zaidi ya wanawake. Watafiti wakajiuliza kama estrojeni, homoni ambayo wanawake wanayo kwa wingi hadi ukomo wa hedhi, inawakinga.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa estrojeni ina kipokezi kimoja. Mwaka 1996 watafiti nchini Sweden walitangaza cha pili, kikaitwa beta, na kile cha zamani kikaitwa alfa. Alfa ndicho chenye nguvu katika matiti na mfuko wa uzazi, na mara nyingi huamuru seli zizaane. Katika utando wa utumbo mpana kilichotawala ni beta, na chenyewe huelekea kufanya kinyume: kuzizuia. Kwa hiyo homoni ile ile moja inaweza kuwa kichocheo kwenye titi na breki kwenye utumbo, kwa sababu karani anayeisoma barua ni mwingine.

Jambo hili lilipimwa kwa kutumia seli ziitwazo SW480, zilizotokana na uvimbe wa utumbo wa mgonjwa mmoja na kukuzwa maabarani tangu miaka ya 1970. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, wanasayansi walizirudishia seli hizo kipokezi beta. Kuzaana kwao kulipungua. Walipoangalia jeni waliona sababu: MYC, ile niliyosema tuiweke akilini, ilisomwa kidogo, na protini mbili zinazosimamisha mgawanyiko wa seli, p21 na p27, ziliongezeka.

Habari njema, sivyo? Lakini tazama sehemu ya pili. Tafiti kadhaa za vimbe vya wagonjwa zilionyesha kwamba kadiri saratani inavyoendelea ndivyo kipokezi beta kinavyopungua, na katika vimbe vingi vilivyokomaa huwa kimebaki kidogo mno. Maabarani ilibidi kirudishwe kwa mkono wa mtaalamu. Mgonjwa anayemeza estrojeni hakirudishi. Anapeleka barua katika ofisi ambayo karani wake amekwisha kuondoka, na wakati huo huo barua hizo zinafika kwenye matiti na mishipa ya damu, ambako zinasomwa vizuri sana.

Hayo si maneno ya kudhania. Huko Marekani wanawake 16,608 wa umri wa miaka 50 hadi 79 waliingizwa katika jaribio kubwa. Wengine walipewa estrojeni pamoja na homoni ya jamii ya projesteroni, wengine vidonge visivyo na dawa. Jaribio lilisimamishwa mwaka 2002, kabla ya wakati wake. Kwa kila wanawake 10,000 waliotumia homoni kwa mwaka mmoja, wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana walipungua kwa 6. Lakini wagonjwa wa saratani ya matiti waliongezeka kwa 8, wa kiharusi kwa 8, wa damu kuganda mapafuni kwa 8, na wa moyo kwa 7. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la nne ataifanya.

Tena, mwaka 2004 watafiti hao walieleza kuwa zile saratani za utumbo zilizotokea kwa waliotumia homoni ziligunduliwa zikiwa zimeenea zaidi. Na katika kundi jingine la wanawake waliokwisha kuondolewa mfuko wa uzazi, ambao walipewa estrojeni peke yake, kinga ya utumbo haikuonekana. Kwa sababu hizo, homoni hizi hazitolewi kwa ajili ya kuzuia saratani ya utumbo. Mwanamke anaweza kupewa na daktari wake kwa ajili ya joto kali na taabu nyingine za ukomo wa hedhi, lakini hiyo ni habari mbali.

Vitamini D: sahani inasema hivi, watu wanasema vile

Wengi hushangaa nikiiweka vitamini D miongoni mwa homoni. Jina la vitamini liliipata mapema, lakini mwendo wake ni wa homoni. Ngozi huitengeneza ikipigwa na jua, ini na figo huikamilisha, kisha husafiri kwa damu na kuingia ndani ya seli kukutana na kipokezi chake, ambacho hushika DNA.

Mwaka 1980 ndugu wawili wa Marekani, Cedric na Frank Garland, waliandika kwamba vifo vya saratani ya utumbo vilikuwa vingi zaidi katika majimbo yenye jua haba, na wakapendekeza kuwa vitamini D ndiyo sababu. Mwaka 2001 watafiti wa Madrid, Uhispania, walionyesha jinsi jambo hilo linavyowezekana. Waliziwekea seli za saratani ya utumbo vitamini D iliyokamilika, na seli zilizokuwa zimetawanyika ovyo zikaanza kushikana na kujipanga kama seli zilizokomaa. Jeni ya E-kadherini ilikuwa imeanza kusomwa. E-kadherini ni gundi inayozishikanisha seli jirani, na pia huivuta beta-katenini kwenye ukingo wa seli ili isiende kuamsha jeni za kuzaana. Kwa maneno mengine, vitamini D ilikuwa imezungukia kwa nyuma na kuziba pengo lililoachwa na APC.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2004, watafiti wa Madrid walichapisha sehemu ya pili ya habari. Katika vimbe vingi kuna protini iitwayo SNAIL, ambayo huifunga jeni ya E-kadherini. Waligundua kuwa SNAIL huifunga pia jeni ya kipokezi cha vitamini D chenyewe. Uvimbe wenye SNAIL nyingi huwa hauisikii vitamini D. Ni kisa kile kile cha estrojeni: saratani inapopevuka hulifunga sikio lake.

Basi ikawa lazima kuwauliza watu, si sahani. Jaribio kubwa la Marekani lililotolewa matokeo mwaka 2018 lilikuwa na washiriki 25,871, wanaume wa miaka 50 na zaidi na wanawake wa miaka 55 na zaidi. Nusu yao walipewa vitamini D, yuniti 2,000 kila siku, wakafuatiliwa kwa zaidi ya miaka 5. Idadi ya waliopata saratani, ikiwemo ya utumbo mpana, haikutofautiana na ya wale waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Sisi wa Pwani tunalo jua la kutosha, alhamdulillahi, lakini mtu asidhani kuwa jua la Pwani ni hirizi ya kuzuia saratani. Wala asidhani kuwa vitamini D haina maana. Mifupa inaihitaji, na aliyepimwa akaonekana amepungukiwa yampasa aitumie kama alivyoelekezwa. Kinachokosa ushahidi ni kuimeza kwa matumaini ya kuuzuia au kuuponya uvimbe wa utumbo.

Insulini: anayebisha hodi mno

Kuna homoni ambayo tatizo lake ni la upande wa pili: kipokezi kipo, na ujumbe ni mwingi kupita kiasi. Hiyo ni insulini, pamoja na jamaa yake iitwayo IGF-1.

Insulini hutolewa na kongosho ili sukari iingie katika seli. Mtu anaponenepa sana tumboni na asitembee, mwili huanza kuwa mzito wa kuisikia, na kongosho hulazimika kutoa zaidi. Viwango hivyo vya juu hudumu miaka kabla ya kisukari kugunduliwa. Seli za utumbo mpana zina vipokezi vya insulini na vya IGF-1. Vikibishiwa hodi mfululizo, habari hupokezwa ndani mpaka kwa protini za jamii ya FOXO, ambazo kwa kawaida hukaa katika kiini na kuhakikisha jeni za breki, kama ile ya p27, zinasomwa. Insulini ikizidi, FOXO husukumwa nje ya kiini. Breki hulegea.

Hii ni mojawapo ya sababu zinazotolewa kueleza kwa nini watu wanene na wenye kisukari cha aina ya pili hupata saratani ya utumbo zaidi ya wengine, na kwa nini wanaoushughulisha mwili huipata kwa uchache. Nasema mojawapo, kwani unene pia huleta uvimbeuchungu wa kichinichini katika mwili, na hayo huenda pamoja.

Tahadhari kubwa: mgonjwa wa kisukari aliyeandikiwa sindano za insulini asizikate kwa kusoma makala haya. Kuikosa insulini kunaua kwa siku chache. Lililo mikononi mwetu ni kule nyuma: kutembea, kupunguza chai ya sukari nyingi na vya kukaanga vya kila asubuhi, na kupima sukari mapema.

Kuhusu kutembea kuna ushahidi mpya wenye nguvu. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wagonjwa 889, wengi wao wa Kanada na Australia, waliokuwa wamemaliza upasuaji na dawa za saratani ya utumbo mpana. Nusu waliwekewa mpango wa mazoezi wenye msimamizi kwa miaka 3. Wengine walipewa vijitabu vya mawaidha ya afya. Baada ya miaka 8, walio hai katika kundi la mazoezi walikuwa takriban 90 kwa kila 100, na katika kundi la vijitabu 83. Hayakuwa badala ya matibabu. Yalikuja baada ya matibabu kukamilika.

Guanilini: tarishi aliyetoweka

Kisa cha mwisho kinageuza mfano wetu chini juu. Utumbo wenyewe hutengeneza homoni ndogo iitwayo guanilini, iliyogunduliwa mwaka 1992. Hudondokea ndani ya utumbo na kubisha hodi kwenye seli za utando, ikizisaidia kuratibu maji na chumvi, na pia kuzituliza zisizaane ovyo.

Katika saratani ya utumbo mpana, usomaji wa jeni ya guanilini hupotea mapema sana, hata katika vijinyama vya mwanzo, na hupotea katika vimbe vingi mno. Lakini kipokezi chake hubaki mlangoni. Karani yupo, tarishi hayupo. Scott Waldman na wenzake huko Philadelphia wamekuwa wakiuliza kama kumrudisha tarishi huyu kungeweza kuzuia saratani kabla haijaanza. Iko dawa ya kufunga choo, linaklotaidi, inayokigusa kipokezi hicho hicho, nayo imejaribiwa kwa makundi madogo ya watu. Ni njia ya kutia moyo, kwa sababu hapa karani angali kazini. Lakini kutia moyo ni hatua ya utafiti, na mpaka leo haijawa kinga inayotolewa hospitalini.

Maswali matatu ya kumuuliza muuzaji

Sasa turudi kwa yule mwenye chupa. Simtuhumu kila mganga wala kila duka la dawa za asili. Dawa nyingi za hospitali zilitoka kwenye mimea. Lakini mtu akikuambia kuwa dawa yake inatibu saratani ya utumbo kwa kusawazisha homoni, muulize haya kwa adabu.

La kwanza: homoni gani? Umeona kwamba estrojeni, vitamini D, insulini na guanilini kila moja ina njia yake, na ya insulini yapaswa kupunguzwa ilhali ya guanilini imepungua yenyewe. Hakuna kitu kimoja kiitwacho "homoni" kinachosawazishwa kama mizani ya dukani.

La pili: uvimbe wa mgonjwa huyu una kipokezi cha homoni hiyo? Hilo hujulikana kwa kuchukua kipande cha nyama na kukipima maabarani. Anayeuza dawa bila kujua hayo anapeleka barua bila kujua kama kuna msomaji.

La tatu: ilijaribiwa kwa watu, au kwa seli tu? Hapa ndipo wengi hukamatwa, kwani siku hizi muuzaji anaweza kukuonyesha kwenye simu utafiti wa kweli unaosema mmea fulani umeua seli za HT-29. Seli za HT-29 zilichukuliwa kwa mgonjwa mmoja mwaka 1964, na zimekuwa zikikuzwa maabarani tangu hapo. Zimo kwenye sahani, bila ini la kuivunja dawa, bila damu, bila matiti wala moyo wa kudhurika. Vitamini D ilizipanga vizuri seli za kwenye sahani, na kwa watu 25,871 haikuzuia saratani. Anayeleta habari za sahani peke yake ameleta nusu ya habari.

Jambo la kufanya leo

Dalili za kutopuuza ni hizi: damu kwenye choo, iwe nyekundu au choo kiwe cheusi, kubadilika kwa choo kwa zaidi ya wiki kadhaa, kufunga ama kuharisha, maumivu ya tumbo yasiyoisha, kukonda bila sababu, na upungufu wa damu usioelezeka, hasa kwa mwanamume au kwa mwanamke aliyekwisha hedhi. Dalili hizi mara nyingi si saratani. Lakini hakuna awezaye kujua kwa kutazama tu.

Huku kwetu damu ikionekana, neno la kwanza ni bawasiri. Huenda ndivyo ilivyo. Lakini mtu anaweza kuwa na bawasiri na saratani kwa pamoja, na bawasiri haipaswi kutajwa mpaka mtu awe amechunguzwa. Mwambie daktari moja kwa moja: nataka kujua damu hii inatoka wapi. Na kama kuna dawa yoyote ya kienyeji unayotumia, mtajie, maana nyingine hugongana na za hospitali.

Asiye na dalili naye ana la kufanya. Marekani, mwaka 2021, ilishusha umri wa kuanza kupima kutoka miaka 50 hadi 45. Kuna kipimo chepesi cha kutafuta damu isiyoonekana kwenye choo, na kuna kile cha kamera ndogo inayopitishwa kwa njia ya haja kubwa, ambacho kina faida ya ziada: daktari akikiona kijinyama hukikata papo hapo, na saratani ambayo ingekuja miaka 10 baadaye haiji tena. Ambaye mzazi wake, kaka au dada yake ameugua saratani hii yampasa aanze mapema zaidi, kwa ushauri wa daktari.

Najua aibu iliyopo. Mzee wa heshima hataki kuzungumzia choo chake mbele ya kijana wa hospitali, na mama hataki kumtajia hata mwanawe. Lakini hesabu ya Marekani ni hii: saratani ya utumbo mpana ikikutwa kabla haijatoka nje ya utumbo, takriban wagonjwa 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka 5. Ikikutwa imefika kwenye ini au mapafu, ni chini ya 2 kati ya 10.

Katika hatua hiyo ya mwanzo mwili wenyewe bado una makarani wake wengi, na daktari hahitaji homoni yoyote kuuondoa uvimbe. Anahitaji kuuona tu. Kwa hivyo, kama nyumbani kwako kuna mtu mwenye damu chooni na chupa mkononi, usigombane naye juu ya chupa. Mshike mkono, mpeleke akapimwe wiki hii.